Kipande cha bomba kinatosha: kishikilio cha kinywaji kwa vyombo vidogo

Mtu anayeendesha chombo kidogo huwa na mikono miwili ambayo tayari ina kazi: mmoja umeshika usukani na mwingine kamba ya tanga, au yote miwili imeshika kasia. Kinywaji chake hakina wa kukishika. Ndiyo sababu chupa ya maji hubingirika miguuni, kikombe cha chai hubanwa katikati ya mapaja, na kopo la soda huwekwa juu ya ubao wa kukalia, ambapo mawimbi ya boti ya kwanza inayopita hulitupa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hujikusanya. Nimekuwa nikitengeneza vishikilio vya vinywaji kwa muda mrefu, vyangu na vya marafiki wenye mitumbwi, mashua za tanga na boti za kujazwa upepo, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kupenda vile rahisi. Katika chombo kidogo, kishikilio bora ni kipande cha bomba la plastiki chenye kina cha kutosha, kinachopitisha maji chini, kilichofungwa karibu na sakafu na karibu na katikati ya chombo.

Kabla ya kushika msumeno ni vyema kutazama kinachokiangusha kinywaji. Kopo la kawaida la mililita 330 lina kipenyo cha milimita 66 hivi na kimo cha milimita 115 hivi. Likiwa limejaa, kitovu chake cha uzito kinakaa karibu na nusu ya kimo, kwa hiyo likisimama juu ya ubao mkavu usioteleza litapinduka pale tu ubao utakapoinama kwa zaidi ya nyuzi 20. Mashua ndogo ya tanga inayokwenda vizuri hailali kiasi hicho mara kwa mara. Kwa hesabu hiyo kopo lingepaswa kubaki salama, lakini kila aliyewahi kupanda chombo anajua kwamba halibaki. Ubao wa chombo umelowa, na juu ya ubao uliolowa kopo huteleza kabla ya kufikia pembe ya kupinduka. Zaidi ya hapo, chombo kidogo hakiinami taratibu: kinashtuka. Abiria anahama upande, upepo unapiga kwa ghafla, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inaingia kwenye wimbi, na katika nusu sekunde hiyo ubao unaondoka chini ya kopo huku kopo likibaki palepale hewani.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni gimbali, yaani pete mbili zilizopachikwa moja ndani ya nyingine kwa maegemeo yaliyopishana kwa pembe mraba, ili kikombe kilicho katikati kibaki wima chombo kinapoyumba. Wazo hilo ni la kale na ni zuri. Mafundi wa China wa enzi ya nasaba ya Tang (618–907) walitengeneza vyetezo vya fedha vya umbo la mpira, ambavyo bakuli la ndani lilibaki limeangalia juu hata chetezo kikibingirishwa. Girolamo Cardano wa Italia aliueleza mpangilio huo katika karne ya 16, na jina lake limebaki hadi leo kwenye shafti ya kardani ya magari. Dira za meli nazo zimekaa ndani ya pete za namna hiyo kwa karne nyingi. Lakini dira ya meli ina kasha zito lisilobadilika uzito, na meli yenyewe huyumba polepole, ilhali kikombe ni chepesi na uzito wake hupungua kila unapopiga funda.

Ili pete zifanye kazi, egemeo lazima liwe juu ya kitovu cha uzito cha kikombe, tena liwe juu kwa umbali wa maana. Kopo lililojaa lenye egemeo sentimita 2 juu ya kitovu chake huyumba kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 0.6, ambao ni mwendo wa haraka kuliko wa mashua yenyewe, na kwa hiyo hutulia vizuri. Egemeo hilo likishuka hadi likawa milimita 2 tu juu ya kitovu, safari moja ya kwenda na kurudi huzidi sekunde moja na nusu. Hapo mwendo wa kopo umeukaribia mwendo wa kuyumba wa vyombo vingi vidogo, na badala ya kupingana na mawimbi kopo huanza kucheza pamoja nayo, likizidi kupanda na kushuka hadi limwage. Kikombe kirefu kikiwekwa kwenye pete zilizopimiwa kikombe kifupi huweza kuingia katika hali hiyo bila mwenyewe kujua sababu. Na hata pete zikipimwa sawasawa, zinachoweza ni kusawazisha kikombe kinachoinamishwa. Kikombe kinachorushwa juu haziwezi kukizuia. Katika boti yenye chumba na jiko nakubali kwamba gimbali ina nafasi yake, na ningependa jiko langu likae juu yake. Katika mtumbwi au mashua ya watu wawili, ni kitu cha kugonga magoti tu.

Basi turudi kwenye bomba. Jambo la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kina. Kopo la milimita 115 linahitaji kishikilio chenye kina cha milimita 75 hadi 80, ili theluthi mbili za kimo chake ziwe ndani na sehemu iliyobaki itoshe vidole kulishika na kulivuta. Chupa ya lita moja na nusu inahitaji sentimita 15 au zaidi. Kishikilio kifupi hukizuia kinywaji kisiteleze, lakini hukipa ukingo wa kujikwaa: chombo kikishtuka, chupa hujipindua juu ya ukingo huo kama mtu aliyepigwa ngwala. Baadhi ya boti za plastiki huja na vishimo vya vikombe vilivyofinyangwa tayari kwenye viti, vyenye kina cha sentimita 3 au 4. Vishimo hivyo vinafaa boti ikiwa imefungwa gatini.

Kuhusu upana, bomba la PVC la milimita 75 linakaribia kabisa kipimo cha kopo. Namba iliyochapwa kwenye bomba la aina hiyo kwa kawaida ni kipenyo cha nje, na unene wa ukuta hutofautiana kati ya bomba na bomba, kwa hiyo njia ya uhakika ni kwenda na kopo lenyewe na kulijaribisha ndani. Kopo liingie kwa uzito wake bila kusukumwa, na likitikiswa pembeni lisigonge kwa sauti. Nafasi ya milimita moja na nusu kila upande inatosha. Kwa chupa kubwa ya maji yenye kipenyo cha milimita 85 hadi 90, bomba la milimita 110 ni pana kupita kiasi likiwa tupu, lakini likipigwa sponji ya milimita 6 kwa ndani huwa limekaa sawa. Sponji inayofaa ni ile isiyonyonya maji, ya aina ya mikeka ya kulalia kambini. Soli ya kandambili iliyochakaa, ikikatwa vipande vitatu vyembamba na kugundishwa wima kwa nafasi sawa ndani ya bomba, hufanya kazi hiyohiyo, na ina faida moja ambayo mkeka hauna: vipande vitatu hushika vikombe vya vipimo tofauti, kwa kuwa kila kimoja kinaweza kubonyea kidogo.

Kukata ni kazi ya msumeno wa meno madogo. Ukitaka mkato ulionyooka, zungusha karatasi kwenye bomba mpaka kingo zake zikutane sawasawa, chora mstari kuifuata, kisha kata kidogo kidogo huku ukiligeuza bomba, badala ya kuupitisha msumeno moja kwa moja hadi upande wa pili. Kisha kuna hatua ambayo watu huiruka: kulainisha ukingo. Mkato wa PVC una ncha kali, na kishikilio hiki kitakaa mahali ambapo watu hupita pekupeku, huegemea na wakati mwingine huanguka. Anza na tupa, umalizie kwa msasa, ndani na nje, mpaka ukipitisha kidole gumba juu ya ukingo kiteleze bila kukwama popote.

Ukitaka kishikilio kipokee kikombe chenye mkono, kata mwanya wima kutoka juu kwenda chini, wenye upana wa milimita 25 hadi 30, ukiishia sentimita 2 kabla ya chini. Bomba la plastiki huwa na mkazo uliobaki ndani yake tangu lilipotengenezwa, na likikatwa mwanya hujikunja kidogo kwenda ndani. Upana uliopimwa kabla ya kukata mwanya kwa hiyo si upana utakaoupata baadaye, na ni busara kuchagua bomba lenye nafasi zaidi kidogo au kulirekebisha kwa joto. PVC hulainika kwenye nyuzi 80 za Selsiasi hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha: tumbukiza bomba kwa muda mfupi, livalishe kwenye chupa iliyozungushiwa kitambaa, kisha limwagie maji baridi. Vaa glavu. Usitumie moto wa wazi, kwa sababu PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo huunguza macho na mapafu.

Sasa sehemu ya chini. Bomba lililozibwa kabisa ni baya kwa namna mbili. La kwanza linaonekana wazi: maji ya mawimbi na ya mvua hujaa ndani, hukauka, huacha chumvi na uchafu, na baada ya muda kishikilio hunuka. La pili hugunduliwa kwa kutumia. Kopo lililolowa, likikaa ndani ya bomba la kulibana lisilo na tundu, hunyonywa. Ukilivuta, hewa haiwezi kuingia chini yake kujaza nafasi, kwa hiyo linagoma, unavuta kwa nguvu zaidi, kisha linachomoka kwa ghafla na kukumwagia kifuani. Tundu la milimita 10 kwenye kizibo cha bomba linatibu yote mawili. Mimi napendelea kutoweka kizibo. Natoboa matundu manne karibu na chini, napitisha kamba nyembamba ya nailoni kwa umbo la msalaba, naivuta ikaze na kuifunga nje. Maji yote hupita, mchanga hupita, na kinywaji hukaa juu ya kamba inayonesa kidogo badala ya kugonga plastiki ngumu.

Namna ya kukifunga hutegemea chombo. Kwenye mashua ya mbao, skrubu mbili zilizopitishwa kwenye mgongo wa bomba zinatosha, moja juu na nyingine chini. Ili bisibisi ifike, toboa upande wa mbele, mkabala na kila skrubu, tundu pana la milimita 12. Matundu hayo yatabaki kuwa njia ya hewa na hayaharibu chochote. Vichwa vya skrubu viwe bapa na vizame ndani ya plastiki au vifunikwe kwa sponji. Ukuta wa kopo la alumini una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na kichwa cha skrubu kinachojitokeza, kikisaidiwa na mtetemo wa injini, huweza kulitoboa. Kwenye maji ya chumvi tumia chuma cha pua cha daraja la 316, kinachoitwa pia A4; cha daraja la 304 hufanya madoa ya kutu mapema. Kabla ya kukaza, tia silikoni kwenye tundu la mbao ili maji yasiingie. Usitoboe chini ya mstari wa maji, na usitoboe kamwe ukuta wa chumba cha hewa kinachokifanya chombo kielee kikijaa maji. Boti nyingi ndogo huficha vyumba hivyo chini ya viti, palepale ambapo mkono wenye drili huvutiwa kwenda. Kwenye boti ya alumini, tenganisha skrubu ya chuma cha pua na alumini kwa washa ya nailoni, la sivyo metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi alumini italiwa.

Mara nyingi, hata hivyo, sitoboi chombo. Natoboa bomba peke yake, matundu mawili juu na mawili chini, na kulifunga kwa kamba kwenye taruma (mbavu za chombo), mguu wa kiti au nguzo yoyote iliyopo. Kamba ikilowa na kukauka hulegea, kwa hiyo nazungusha mara mbili kila mahali na kuweka kipande cha mpira katikati ya bomba na mbao ili lisizunguke. Kishikilio kilichofungwa kwa kamba kinaweza kuhamishwa, na hilo si jambo dogo, maana mahali pazuri pa kukiweka hapajulikani mpaka umekaa chomboni na kukisafiria.

Boti ya kujazwa upepo inataka adabu zaidi. Hapo hakuna skrubu, na bomba lenyewe livalishwe kitambaa ili ukingo wake usisugue mwili wa boti. Mikanda ya velkro iliyopitishwa kwenye vishikio vilivyopo ndiyo njia salama. Ukiamua kugundisha kiraka chenye pete, hakikisha kwanza boti imetengenezwa kwa nini, kwa sababu gundi ya kitambaa cha PVC si gundi ya Hypalon, kitambaa cha aina ya mpira, na kiraka kilichogundishwa kwa gundi isiyo yake hubanduka siku ya jua kali. Kwa mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja hata bomba halihitajiki: tofali la sponji ngumu lililochongwa shimo na kubanwa sakafuni mbele ya kiti linatosha kabisa, na halimuumizi mtu akilipiga kwa goti.

Nimesema kishikilio kiwe chini na karibu na katikati. Chombo kikiyumba, kila kitu kilichomo husafiri kadiri kilivyo mbali na mhimili wa kuyumba. Kikombe kilicho sentimita 60 kutoka kwenye mhimili huo husogea mara sita ya kile kilicho sentimita 10. Omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi, kwa hiyo kishikilio cha omoni hutikiswa hata siku tulivu. Ukingo wa chombo ndio mahali ambapo wengi hukiweka, kwa kuwa mkono unafika kirahisi, na kwa maoni yangu ndipo pabaya kuliko kote: kinajitokeza, kinakamata kamba ya tanga wakati wa kugeuza chombo, na kikivunjika huanguka nje. Kamba iliyonaswa kwenye kishikilio wakati upepo umebadilika si usumbufu tu. Chombo kidogo kinaweza kupinduka kwa sababu hiyo. Kabla ya kukifunga moja kwa moja, pitisha kamba zote za tanga katika mwendo wake wote, upande wa joshi (unakotoka upepo) na upande wa demani (unakokwenda), na uone zinapogusa.

Dira nayo ina haki ya kuheshimiwa. Kopo la alumini haliisumbui, lakini baadhi ya makopo ya vinywaji ni ya chuma, na vipo vikombe na vishikilio vyenye sumaku ndani. Weka kopo karibu na dira, litoe, utazame kama sindano inasogea. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, na linaondoa ubishi.

Vinywaji vya moto vinahitaji maneno machache zaidi. Kishikilio huokoa kikombe, hakiokoi kilichomo. Kikombe kisicho na kifuniko, chenye kipenyo cha sentimita 8 na kilichojazwa hadi sentimita moja kutoka ukingoni, humwaga kikiinama kwa nyuzi 14 tu, hata kikiwa kimeshikwa barabara. Ukiacha sentimita 2, pembe hiyo hufika karibu nyuzi 27. Kwa hiyo mimi humimina nusu kikombe, nikijua kwamba chupa ya chai ipo, na sipitishi kikombe cha moto juu ya miguu ya mtu mwingine. Aliyekaa karibu na kishikilio ndiye anayekiweka. Kikombe chenye kifuniko cha kuzungusha ni bora kuliko kishikilio chochote nilichowahi kutengeneza, na nakiri hilo bila wivu. Chupa za kioo siziruhusu chomboni kabisa, kwa sababu vipande vya kioo vikichanganyika na maji ya ngamani havionekani, na humpata mtu wa kwanza atakayekanyaga pekupeku.

Linalobaki ni kopo tupu. Lililojaa lina uzito wa zaidi ya gramu 340 na hukaa lenyewe. Tupu lina gramu 13 hivi, na upepo wa kawaida unaopita juu ya mdomo wa bomba hulichomoa na kulitupa majini kabla hujageuka. Kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, kilichokatwa kama pete na kunasishwa kwenye matundu mawili yanayotazamana juu ya bomba, hupita juu ya kopo na kulizuia. Chupa ya maji naifunga pia kwa kamba fupi shingoni, isiyozidi sentimita 40 ili isifanye kitanzi cha kunasa mguu, kwa sababu chombo kikipinduka maji ya kunywa ndiyo yatakayohitajika mapema. Mpira huo wa juu hubadilishwa mara tu unapoanza kuonyesha nyufa, maana jua huuchosha kabla ya sehemu nyingine yoyote ya kishikilio.